Mafigo yanalinda maji ya mwili: tusimnyime kunywa mtoto anayehara

Kwa nini mkojo wa asubuhi ni wa njano sana, na wa mchana, baada ya kunywa maji, ni mweupe? Jibu liko katika mafigo. Tukilifahamu, tutajua pia namna ya kuokoa mtoto anayehara.

Kila mtu ana mafigo mawili, kila moja kama ngumi, yako mgongoni chini ya mbavu. Kazi yake inafanana na ya mama anayesafisha nyumba: anatoa vyombo vyote inje, kisha anarudisha vile vizuri, na takataka anaiacha huko. Kwa siku moja mafigo ya mtu mzima yanachuja karibu lita 180 za maji ya damu. Ni maji yale yale yanayopita mara nyingi. Karibu yote yanarudi katika damu. Lita moja au mbili tu zinatoka kama mkojo.

Nani anaamua kiasi cha kurudisha? Ni ubongo. Maji yakipunguka, chumvi katika damu inazidi. Ubongo unasikia hiyo, unatuma habari mbili: kiu, ili tunywe, na homoni inayoamuru mafigo yarudishe maji zaidi. Mkojo unakuwa kidogo na wa njano. Tukinywa vya kutosha, homoni inapunguka, mkojo unakuwa mwingi na mweupe. Usiku hatunywi, ndiyo sababu ya rangi ya asubuhi.

Lakini tukumbuke: mafigo yanaweka akiba, hayatengenezi maji. Hata mtu asipokunywa, yanahitaji karibu nusu lita kila siku ili kutoa uchafu. Mama anayeuza sokoni tangu asubuhi bila kunywa, kwa kuogopa kutafuta choo, anayatesa mafigo yake.

Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi. Mafigo yake bado hayajakomaa, hayawezi kubana maji kama yetu. Akihara na kutapika, anakauka upesi. Hata hivyo tunasikia katika mitaa yetu: «Usimpe maji, yatazidisha kuhara.» Neno hili linaua. Maji yanatoka hata asipokunywa. Tukimnyima, hakuna kinachoyarudisha.

Tufanye nini?

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye mara nyingi zaidi, mchana na usiku. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata wakati wa jua kali. Tusimpe maji matupu, na tumpeleke kituo cha afya.

Mkubwa zaidi apewe SRO kila mara anapohara, kidogo kidogo kwa kijiko, na aendelee kula. Pakiti ikikosekana, tutie katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe. Chumvi isizidi, maana itawatesa mafigo na ubongo wa mtoto. Kisichotumika kwa siku moja kimwagwe.

Tusimtie mtoto lavema ya dawa za miti. Inaweza kuzidisha kukauka, na miti mingine inaharibu mafigo.

Tukimbilie kituo cha afya bila kungoja kesho tukiona hivi: hakukojoa kwa masaa 6, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi, amelegea, hawezi kunywa, au kuna damu katika choo. Njiani tuendelee kumnyonyesha au kumpa SRO.

Katika mkutano wa kikundi, kila mama aeleze jirani yake jambo moja: mtoto anayehara anyweshwe. Nyanya na shangazi wa nyumbani waelezwe pia, kwa heshima, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaobaki na watoto tukiwa shambani au sokoni.