Nafasi ya 43: Protini Kongwe na Usugu wa Kifua Kikuu

Mwaka 1943, Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman huko Rutgers, Marekani, alipata streptomisini kutoka kwa bakteria wa udongoni. Ikawa dawa ya kwanza kukikabili kifua kikuu kwa mafanikio. Furaha haikudumu. Katika majaribio ya Uingereza yaliyochapishwa mwaka 1948, wagonjwa wengi walipata nafuu, kisha vimelea vyao vikawa sugu.

Siri ya usugu huo imo ndani ya ribosomu, mtambo ambao seli huutumia kutengeneza protini. Streptomisini hunata kwenye ribosomu ya bakteria na kuifanya isome vibaya maagizo ya jeni. Pembeni mwa mahali inaponata pamekaa protini iitwayo uS12. Herufi “u” huonyesha kwamba ukoo wake umo katika viumbe vyote, kuanzia bakteria na muhogo hadi binadamu.

Wanasayansi hupanga sambamba minyororo ya asidi amino ya uS12 kutoka viumbe mbalimbali. Sehemu nyingi hutofautiana, ila kipande kimoja kifupi kimeng’ang’ania: lisini, nafasi moja inayobadilika, kisha prolini, asparajini, serini na alanini. Bakteria wa utumboni anacho. Binadamu pia anacho, ingawa mabilioni ya miaka yamewatenganisha.

Sababu ni kazi yake. Kipande hicho hukaa pale ribosomu inapohakiki kama asidi amino iliyoletwa ndiyo iliyoagizwa. Kikivurugika, seli hudhoofika na uzao wake hupungua.

Hata hivyo, kimelea cha kifua kikuu kimepata upenyo humo humo. Herufi moja ya DNA ikibadilika, lisini ya nafasi ya 43 huwa arginini. Kwa kuwa asidi hizi mbili zinafanana kwa umbo na zote zina chaji chanya, ribosomu huendelea na kazi, lakini dawa haifui dafu. Majaribio kwa bakteria wa Salmonella yameonyesha kuwa badiliko kama hilo haliwapunguzii kasi ya kukua, tofauti na mabadiliko mengine ya uS12.

Ndiyo maana streptomisini haitolewi peke yake. Katika majaribio ya miaka ya 1970 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilichanganywa na isoniazidi na rifampisini kwa miezi 6. Siku hizi maabara zinaweza kusoma jeni ya uS12 ya kimelea mapema, na kumwepusha mgonjwa na sindano zisizomsaidia, ambazo zinaweza pia kumharibia usikivu.