Nyonga ya Mbwa wa Askari na Maji ya Mweru

Askari aliyezoeana na mbwa wake huiona dalili kabla ya daktari. Mbwa aliyekuwa akipanda garini kwa mruko mmoja husitasita. Asubuhi huinuka kwa shida, na akikimbia huitupa miguu ya nyuma yote miwili pamoja, kama sungura. Wengi wetu humdhania kuwa amekuwa mvivu, tukamkemea. Tumemdhulumu. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika kikombe cha nyonga, na gegedu iliyo baina yao husagika siku hadi siku. Ila hiyo hurithiwa, nayo huwaandama mno mbwa wakubwa kama German Shepherd na Labrador, yaani wale wale wapendwao na majeshi na polisi. Akistaafishwa mapema, doria imepungukiwa pua.

Mazoezi hayaiondoi ila yenyewe, lakini misuli ikijengeka huishika nyonga na maumivu hupungua. Hata hivyo, tiba huanzia kwenye sahani. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2002 uliwafuata Labrador 48 maisha yao yote: waliopunguziwa chakula kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na viungo vyao vilichelewa kuharibika.

Kisha yaja maji. Mbwa akisimama majini hadi usawa wa nyonga, miguu yake hubeba kiasi cha asilimia 38 tu ya uzito wake. Misuli hufanya kazi, viungo havisagiki. Basi askari aliyeko Nchelenge, mbele ya Ziwa Mweru lililotanda hadi upande wa Kongo, atadhani dawa imemwagwa mlangoni pake. La, hasha! Ziwani mna mamba, na mbwa huyu hana tena mbio za kumkwepa. Askari naye, akiingia kumshika, ajihadhari na kichocho. Sisi twaona heri birika la saruji, au shimo lililotandikwa turubai lisilovuja, lijazwe maji ya kisima yaliyoachwa juani yakapata uvuguvugu. Aanze kwa dakika chache, na muda uongezwe kwa shauri la daktari wa wanyama.

Siku zisizo za maji, atembezwe polepole kwa kamba juu ya ardhi ngumu, si katika mchanga laini wa ufukoni unaomzamisha miguu. Na akilia kwa maumivu usiku, tusimpe vidonge vyetu vya Panadol wala ibuprofen: vyaweza kumwua.