Radi mbili juu ya Ngorongoro: ipi imetangulia?

Msimu wa mvua, ukisimama Karatu jioni ukatazama upande wa Ngorongoro, utaona mwanga wa radi kwanza, mngurumo utaufuata baadaye. Hesabu yake ni rahisi: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukihesabu sekunde tatu, radi imepiga karibu kilomita moja kutoka ulipo. Habari imechelewa, lakini unatoa muda wa safari na unajua tukio lilitokea lini.

Sasa, nadharia ya uhusianifu inasema matukio mawili yanaweza kuwa ya wakati mmoja kwako na yasiwe hivyo kwa mwenzako. Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni jambo lile lile: kwamba mwanga umechelewa kumfikia mmoja wao. Sivyo kabisa. Hebu tushuke kreta tuone.

Albert Einstein alitoa nadharia hii mwaka 1905, na katika kitabu chake cha 1917 aliieleza kwa treni na radi mbili. Karatu hatuna reli, ila magari ya watalii tunayo. Tuseme msafara wa magari umejipanga kwa urefu wa kilomita 18, karibu upana wa kreta nzima, na wote wanaelekea mashariki kwa mwendo mmoja. Askari wa hifadhi amesimama katikati, na gari la katikati ndiyo linampita.

Radi mbili zinapiga ardhi: moja pembeni ya gari la kwanza, nyingine pembeni ya gari la mwisho. Mwanga wa zote mbili unamfikia askari kwa pamoja. Anapima alama zilizobaki ardhini: kilomita 9 huku, kilomita 9 kule. Kila mwanga umetumia mikrosekunde 30, yaani sehemu 30 za milioni ya sekunde. Kwake, radi zimepiga wakati mmoja.

Je, dereva wa gari la katikati? Wakati mwanga uko njiani, yeye anasogea mashariki, kwa hiyo mwanga wa mbele unakutana naye kwanza. Hilo hata askari hapingi. Lakini dereva naye ana vipimo vyake. Anahesabu magari: mbele na nyuma yake yako sawa. Na hapa ndipo penyewe: kasi ya mwanga ni ile ile, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa aliyesimama na kwa anayekwenda mwendo usiobadilika. Umbali sawa, kasi sawa, lakini mwanga wa mbele umefika mapema.

“Afande, ya mashariki imetangulia.”

“Hapana kaka, zimepiga pamoja.”

Ona sasa: kila mmoja ameshatoa muda wa safari ya mwanga, na bado hawakubaliani. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja anapima kutoka kwenye fremu yake ya rejea, yaani mahali na mwendo anaoutumia kama msingi wa vipimo vyake. “Sasa hivi” ya mahali pa mbali inategemea fremu hiyo.

Mbona hatuoni haya barabarani? Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, tofauti yao ni kama sehemu mbili tu za trilioni ya sekunde. Msafara ungekwenda kwa asilimia 60 ya kasi ya mwanga, ingefika mikrosekunde 45.

Usiogope kwamba kila kitu kitapinduka. Radi ikiua ng'ombe, hakuna fremu ambamo ng'ombe alikufa kabla ya radi. Mpangilio hubadilika kwa matukio ambayo hata mwanga usingewahi kutoka moja hadi jingine, kwa hiyo hakuna linaloweza kusababisha lenzake.

Na simu yako inajua haya. Dunia inazunguka, na karibu na ikweta ardhi inakwenda kama mita 465 kwa sekunde. Ukipanga saa kuizunguka ikweta yote, kila moja ukiirekebisha ikubaliane na jirani yake kana kwamba ardhi imetulia, ukirudi ulikoanzia saa ya mwisho itapishana na ya kwanza kwa takriban nanosekunde 207. Muda huo mwanga husafiri mita 62. Ndiyo maana mfumo wa GPS hutumia “sasa” moja iliyochaguliwa: ya fremu ya kitovu cha Dunia, isiyozunguka nayo. Ukungu ukishafunika ukingo wa kreta, nawe unaangalia ramani kwenye simu huku chini yako kuna mteremko wa mita 600, mita 62 si jambo la kupuuza.