Mvua ya Mawe ya Usiku: Tuitambue Kabla ya Kulala

Wengi wetu tunaijua mvua ya mawe. Ikija mchana tunaiona kwa mbali, tunakimbilia ndani. Je, ikija usiku tumelala?

Tukumbuke kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Usiku wa kuamkia Machi 4, 2015, mvua kubwa ya mawe na upepo iliwakuta watu usingizini. Nyumba za udongo zilianguka. Watu zaidi ya 40 walikufa.

Mawe hutoka wapi?

Mchana jua hupasha ardhi joto. Hewa yenye joto na mvuke hupanda juu, ikafanya wingu refu sana. Huko juu kuna baridi kali, hata kama sisi huku chini tunatoka jasho. Basi matone ya maji huganda. Upepo unaopanda ndani ya wingu huyashikilia, na maji mengine huzidi kugandia juu yake. Yakiwa mazito mno, huanguka.

Mvua na mawe yakishuka huipoza hewa. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo nayo huporomoka. Ikigonga ardhi hutawanyika kwa nguvu. Kumbe huo ndio upepo unaong'oa mabati!

Kwa nini usiku?

Jua likizama mawingu mengi huisha nguvu. Lakini mengine yaliyoanza jioni huendelea kusafiri gizani. Na kwenye Ziwa Victoria, usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hutiririka kwenda ziwani, hukutana na kupanda. Ndiyo sababu wavuvi hupigwa na dhoruba usiku na alfajiri.

Wataalamu hujuaje?

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutazama mawingu kwa setilaiti na rada. Saa nyingi kabla wanaweza kusema mkoa fulani una hatari. Lakini ni vigumu kujua ni kijiji gani mpaka wingu lenyewe limekwisha kutokea, na hapo muda uliobaki ni mfupi. Basi ndugu zetu, tusingoje redio itaje kijiji chetu. Ikitaja mkoa, imetutaja sisi.

Tufanye nini?

Jioni tusikilize taarifa ya hali ya hewa. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Usiku mawingu hayaonekani, lakini radi ikimulika inaonekana kutoka mbali. Ikimulika, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Sekunde 3 ni kama kilometa 1. Hesabu ikizidi kupungua, mvua inakuja kwenu.

Hapo usilale. Waamshe watoto. Kama nyumba ina ukuta uliopasuka au uliolowa, nendeni kwa jirani mwenye nyumba imara kabla mvua haijafika. Mawe yakianza kuanguka msitoke nje. Wavuvi, siku ya onyo msiingie ziwani.

Ukuta ukianguka tutajenga mwingine. Mtu hajengwi tena.