Mikono Inayojifunzia Jikoni

Sensa ya mwaka 2019 iliiweka Embu juu ya kaunti zote 47 za Kenya kwa kiwango cha watu wenye ulemavu. Kati ya wakazi wake wa miaka 5 na zaidi, asilimia 4.4 walihesabiwa kuwa na ulemavu, mara mbili ya wastani wa taifa ambao ulikuwa asilimia 2.2. Moja ya maswali ya karani wa sensa lilihusu kujihudumia: je, mtu huyu anapata shida kuoga au kuvaa nguo? Ni swali zuri, kwa sababu linapima kile mikono inachoweza. Kasoro yake ni kwamba watoto walio chini ya miaka 5 hawamo katika takwimu hizo, ilhali kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hiyo ndiyo miaka ambayo vidole hufundishika kwa wepesi zaidi.

Mtindio wa ubongo si ugonjwa wa kuambukiza wala si laana ya ukoo. Ni athari ya ubongo uliojeruhiwa ukiwa bado unakua: mtoto alichelewa kulia kwa kukosa hewa, alizaliwa njiti, alipatwa na manjano makali yasitibiwe mapema, au aliugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini misuli isiyotumiwa hukakamaa mwaka baada ya mwaka. Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta kipimo cha ukubwa wa jambo hili. Mashariki mwa Uganda, daktari Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walipopita nyumba kwa nyumba, walikuta karibu watoto 3 kwa kila 1,000 wakiwa nalo.

Mkono hutoa dalili mapema kuliko mguu. Mtoto mchanga hukunja ngumi, na hilo ni la kawaida. Akifikisha miezi minne vidole vinatakiwa viwe vimefunguka. Ngumi inayobaki imefungwa, gumba likiwa ndani ya kiganja, ni ya kupelekwa kliniki. Dalili nyingine huwapotosha hata wazazi makini. Mtoto wa miezi minane anachukua kila kitu kwa mkono wa kushoto, na nyumba nzima inafurahi kwamba amerithi mkono wa babu. Kumbe katika mwaka wa kwanza mtoto hapaswi kuwa na mkono anaoupendelea. Akiwa nao, huenda ule mwingine una shida.

Baada ya hapo huanza safari za hospitali, na hapa ndipo fikra nyingi zinahitaji kunyooshwa. Mama akipanda matatu kutoka Runyenjes hadi Hospitali ya Rufaa ya Embu, au kutoka Maua hadi ile ya Meru, mara nyingi anachotarajia ni mtoto akandwe. Kukanda kunaweza kumtuliza mtoto na kumpunguzia maumivu. Lakini mkono unaonyooshwa na mtu mwingine haujifunzi kazi. Mwaka 2013 mtafiti wa Australia, Iona Novak, na wenzake walipanga tiba za mtindio wa ubongo kwa rangi za taa za barabarani. Kwenye kijani waliweka mazoezi ya shughuli halisi ambayo mtoto anaifanya mwenyewe, ikirudiwarudiwa, pamoja na mazoezi yanayofanyiwa nyumbani kwa mwongozo wa mtaalamu. Kukanda hakukupata kijani.

Kwa familia ya Imenti kule Meru au Mbeere kule Embu, hiyo ni habari njema. Shughuli halisi zimejaa nyumbani.

Kabla ya vidole, hata hivyo, kuna makalio. Mtoto anayeyumba hutumia mikono yote miwili kujishikilia asianguke, kwa hiyo haibaki ya kushika kitu. Anahitaji kiti kinachobana nyonga, nyayo zikiwa zimekanyaga vizuri, na meza iliyo usawa wa viwiko. Kiti cha dukani kina bei ya kuogofya, lakini fundi seremala wa mtaani hutengeneza cha mbao akipewa vipimo na mtaalamu. Ipo pia mbinu iliyobuniwa Zimbabwe na Bevill Packer: maboksi na magazeti makuukuu hugandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, yakikauka yanakuwa kiti kigumu kinachombeba mtoto.

Akishakaa, apewe kazi. Mbaazi mbichi zinapomenywa kule Mbeere, naye awekewe sufuria yake: mkono mmoja unashika ganda, mwingine unalipasua. Unga wa chapati unataka kiganja kilichofunguka na bega linalosukuma. Kuchambua maharagwe ya githeri kunafundisha gumba na kidole cha shahada kukutana, mradi mtu mzima awe karibu, maana punje ikiingia kooni ni hatari. Kamba ya mgomba ya kuchana na kufunga, vibanio vya nguo, kifuniko cha chupa, vyote vinafaa. Mpini wa kijiko ukizungushiwa mpira wa tairi la baiskeli unakuwa mnene wa kutosha kushikwa, na penseli vivyo hivyo.

Kosa la kawaida hufanywa na nyanya mwenye huruma: mtoto akichelewa kidogo, anamalizia yeye. Sahani inaisha haraka, mkono haujapata somo.

Kwa mtoto aliyeathirika upande mmoja, wataalamu wana ujanja wao. Ule mkono mzima huvikwa glavu au soksi kwa muda fulani wa mchezo, ili ule dhaifu usiwe na pa kujificha. Njia hii imetokana na kazi ya Mmarekani Edward Taub, na ifanywe kwa maelekezo ya mtaalamu, kamwe isiwe adhabu.

Meru ina historia yake katika malezi haya. Wamisionari wa Consolata waliwatunza katika makao ya Tuuru watoto waliopoozwa na polio, na ili wapate maji Bruda Giuseppe Argese, ambaye Wameru walimwita Mukiri, aliyavuta kutoka msitu wa Nyambene. Polio ilidhibitiwa kwa chanjo. Mtindio wa ubongo hauna chanjo, na makao peke yake hayawezi kuwapokea wote.

Kwa hiyo wataalamu wa tiba ya shughuli (occupational therapy) wasibaki kwenye hospitali kubwa tu. Serikali za Meru na Embu ziwapeleke kwenye vituo vya afya siku za kliniki ya watoto, ngumi iliyofungwa ionekane siku ya chanjo badala ya siku ya kuandikishwa shule. Naye mzazi anayefika kwa mtaalamu asiondoke kabla ya kuonyeshwa kazi moja ya kumfanyisha mtoto nyumbani, na jinsi ya kumkalisha anapoifanya.