Ngozi iliyoharibiwa na jua: mafuta gani yanasaidia, gani yanaongeza shida?

Huku Baraka, wamama wanaoanika ndagala kandokando ya ziwa Tanganyika wanapigwa na jua mchana kutwa. Kwenye mashamba ya Fizi ni vilevile. Mashavu yanaanza kutoka madoa meusi, na wengi wanakimbilia sokoni kununua mafuta ya kung'arisha. Lakini rangi nyeusi ya ngozi ndiyo kinga yetu: ukiitoa, jua linaingia zaidi na madoa yanarudi.

Tulinganishe. Hidrokinoni inapunguza madoa kweli, lakini ni dawa ya kupewa na muganga, kwa miezi michache tu. Ukiipaka miaka, uso unaweza kutoka mabaka meusi ya bluu ambayo hayaondoki kirahisi. Klobetasoli inang'arisha haraka, kisha ngozi inakuwa nyembamba na vidonda vinachelewa kupona. Zebaki inaharibu figo, na mara nyingi haiandikwi kwenye boksi.

Njia ya bei ndogo ni kofia pana ao kitenge kichwani, mikono mirefu, na kivuli saa za katikati ya mchana. Krimu ya kukinga jua inasaidia pia, ila ni ya kupaka kila siku. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hayo si urembo: jua linaweza kuwaletea kansa ya ngozi.

Doa linalokua, linalotoka damu, ao kidonda kisichopona, usikipake kitu. Nenda kituo cha afya. Na kama umezoea klobetasoli, usiache ghafla, ongea kwanza na muganga.