Taa ya zambarau na jua la bure



Mwezi uliopita ilibaki kidogo tufungue sanduku letu la akiba kwa ajili ya taa. Kijana mmoja mfanyabiashara alituonyesha picha katika simu yake: mboga zimepangwa ndani ya nyumba kama vitabu kwenye kabati, na juu ya kila safu kuna taa ya rangi ya zambarau. Alituambia kwamba Ulaya watu wanalima hata bila jua. Sisi nasi tukinunua taa nne, pamoja na pano na batri, miche yetu ya tomati na kabichi haitaharibiwa tena na mvua.

Wengi wetu tulivutiwa. Mnakumbuka jinsi mvua kubwa ilivyozoa vitalu vyetu viwili usiku mmoja, na mbegu tulikuwa tumezinunua kwa pesa ya kikundi. Mtu aliyepoteza hivyo husikiliza kila anayemwahidi dawa. Lakini mama mkubwa mmoja kati yetu akauliza: "Hiyo taa inafanya kazi gani ambayo jua haliwezi?" Tulitazamana. Tukaomba wiki tatu za kufikiri na kuhesabu kabla ya kutoa hata franka moja. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunayaandika kwa sababu yanagusa kila nyumba yenye taa.

Taa ina kazi tatu

Tulianza kwa kutenganisha kazi. Taa inaweza kutuwezesha kuona, inaweza kupasha joto, na inaweza kulisha mmea. Taa nzuri kwa kazi moja inaweza kuwa mbaya kabisa kwa nyingine.

Ampuli ya zamani, ile yenye uzi mwembamba unaowaka, ikila umeme sehemu 100, karibu 95 zinakuwa joto na 5 tu ndizo mwanga. Taa ya ledi inatoa mwanga mwingi zaidi kwa umeme uleule: ledi ya wati 8 au 9 inaangaza sawa na ampuli ya zamani ya wati 60. Lakini ledi nayo hupata moto. Ukiigusa mgongoni utausikia. Ndiyo maana ukiifungia ndani ya kopo lisilopitisha hewa, inakufa mapema.

Kulisha mmea

Jani linakula mwanga. Linapenda zaidi mwekundu na wa buluu, na sehemu ya ule wa kijani linaurudisha, ndiyo sababu tunaliona la kijani. Watengenezaji wa taa za mimea huchanganya nyekundu na buluu, na macho yetu yanaona zambarau. Ledi ya buluu yenye nguvu ilisumbua wataalamu miaka mingi. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani walioifanikisha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Basi kijana hakusema uongo. Uholanzi wanatumia taa hizo kweli, kwa sababu mwezi wa 12 mchana wao haufiki saa 8 na jua ni dhaifu. Zamani walitumia zaidi taa za sodiamu, zenye mwanga wa manjano na joto kali, ambazo lazima zitundikwe juu ili zisichome majani. Ledi nzuri ya leo inatoa mwanga wa kulisha mmea karibu mara moja na nusu kuliko hizo kwa umeme uleule, na inaweza kukaa karibu na mche. Kwao hesabu inakubali.

Kwetu huku Maniema kusini mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Jua la saa sita likiwa wazi linafika luksi 100,000, yaani kipimo cha mwanga. Ampuli ya chumbani, ukikaa chini yake, mara nyingi haifiki luksi 300. Macho yetu yanatudanganya kwa kuwa yanajizoesha haraka, lakini mche haudanganyiki.

Tulijaribu wenyewe. Tulipanda tomati katika beseni mbili. Moja tuliiweka chumbani karibu na taa ya kawaida, nyingine nje chini ya kipaa cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Siku ya 16 miche ya ndani ilikuwa mirefu, myeupe, shingo nyembamba, inaanguka yenyewe. Ile ya nje ilikuwa mifupi na minene. Urefu ule wa ndani haukuwa afya. Ni njaa: mche unanyoosha shingo kutafuta mwanga.

Na kama tungenunua taa zenyewe za mimea? Kitalu cha mita moja kwa mita moja kinataka ledi ya karibu wati 100, kwa saa 12 kila siku. Hizo ni wati-saa 1,200. Pano la wati 100, siku ya jua zuri, baada ya yote yanayopotea njiani na kwenye batri, linatupa karibu wati-saa 400. Basi tunahitaji mapano matatu kwa mita moja tu ya kitalu. Kila pano ni kubwa kuliko nusu ya mita mraba. Yaani tungefunika zaidi ya mita moja na nusu ya jua, kisha tununue batri na taa, ili tulishe mita moja ya miche! Na siku za mawingu, ndizo tulizoziogopa, mapano yangetoa kidogo zaidi.

Hapo mama mkubwa akacheka: "Tungenunua jua lililo mlangoni petu."

Adui yetu alikuwa matone makubwa ya mvua na maji yanayopita chini. Dawa yake ni kitalu kilichoinuliwa juu ya miti hadi kiunoni, kipaa cha plastiki ile, pande zikiwa wazi ili hewa ipite, na mfereji mdogo pembeni. Plastiki isiguse miche, na joto likizidi saa sita, tandaza majani ya mchikichi juu yake. Wiki moja kabla ya kuhamisha miche shambani, izoeshe jua kidogo kidogo.

Kuona usiku

Hapa ndipo ledi inapostahili pesa yetu. Mtoto anayesoma kwa mshumaa anapata mwanga wa karibu lumeni 12. Ledi ya wati moja tu inaweza kutoa lumeni 80 hadi 100. Taa ya utambi na petroli inatoa moshi unaoingia kifuani mwa mtoto, na ikipinduka inachoma. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2014 kwamba petroli isitumiwe ndani ya nyumba.

Chukua batri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7. Ukiilinda usiimalize zaidi ya nusu, inakupa karibu wati-saa 42. Ledi ya wati 8 itawaka saa 5, jioni nzima. Ampuli ya zamani ya wati 60, hata ukipata chombo cha kubadilisha umeme, itawaka kama dakika 40 tu.

Tuhesabu na maisha ya taa. Ampuli ya zamani inaishi karibu saa 1,000, yaani siku 200 ukiwasha saa 5 kila siku. Ledi iliyotengenezwa vizuri inafika saa 15,000, yaani zaidi ya miaka 8. Lakini sokoni kuna zinazokufa baada ya mwezi. Omba muuzaji aiwashe robo saa mbele yako: ikipepesa au ikiunguza kidole, mrudishie.

Jambo moja halina gharama. Taa ndogo ukiisogeza kutoka mita moja hadi nusu mita, kitabu kinapata mwanga mara nne. Tusitundike taa darini wakati mtoto anaandika. Ishushe karibu na kaye yake.

Kupasha joto

Wale wanaofuga kuku waliuliza kama ledi inaweza kulea vifaranga. Hapana. Kifaranga wa siku ya kwanza anataka joto la digrii 32 hadi 35, kisha unapunguza kama digrii 3 kila wiki. Kwa kazi hii ile ampuli tuliyoilaumu ndiyo inafaa, kwa sababu upotevu wake ni joto. Lakini wati 60 kwa usiku wa saa 12 ni wati-saa 720, karibu mapano mawili kwa sanduku moja la vifaranga. Kwa sisi tusio na umeme wa kudumu, tetea analea bila kulipwa. Asipokuwepo, chukua sanduku lililojazwa maganda ya mpunga pembeni, na bidoni ndogo ya maji moto iliyofungwa kitambaa katikati, ibadilishwe usiku mara mbili au tatu.

Waangalie vifaranga: wakirundikana wana baridi, wakikaa mbali na joto huku midomo wazi wanaungua, wakitawanyika kwa utulivu wako sawa.

Na tunaomba sana: usiingize mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa, iwe kwa vifaranga au kwa watoto. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanalala wasiamke.

Tulivyoamua

Sanduku lilifunguliwa, lakini si kwa taa za zambarau. Tumenunua plastiki na misumari kwa vitalu vitatu, miti tumekata wenyewe. Pesa iliyobaki tumeiweka kwa taa ndogo za ledi zenye pano lake, tukianza na nyumba zenye watoto wa darasa la sita ambao mtihani unawasubiri. Kila mama atarudisha kidogo kidogo siku ya kikao, ili mwenzake naye apate.

Kijana yule hatukumfukuza. Tulimwonyesha hesabu, akakaa kimya, kisha akasema yeye mwenyewe hakuwahi kuhesabu. Ndiye aliyetuuzia taa za watoto.

Wamama, kikundi chenu kikiletewa kitu kipya, kisifieni kwanza, kisha ulizeni lile swali la mama mkubwa. Na kalamu iwe mezani kabla ya ufunguo wa sanduku.